Msitu wa Umma, Lango la Wenye Magari



Kila aishiye kandokando ya msitu wa serikali hapa Kenya amewahi kuyaona haya. Alfajiri mama atoka na kamba yake kwenda kuokota kuni zilizoanguka. Langoni asimamishwa, ahojiwa, na asipokuwa na kibali mzigo wake wamwagwa chini. Saa hiyo hiyo lori lililosheheni magogo lapita bila turubai kufunuliwa. Nyuma yake waja vijana wa mjini na magari yao ya magurudumu makubwa, wakienda kutifua matope kwa mchezo. Kizuizi chainuliwa, na mlinzi apiga saluti.

Twauliza bila woga: msitu huu ni wa nani?

Sheria haina kigugumizi katika jambo hili. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 chaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, nayo Serikali ya Kitaifa yaishika kama amana kwa ajili ya wananchi. Kifungu cha 69 chaiagiza Dola ihakikishe kwamba faida ya mali asili yagawanywa kwa usawa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yazitaja haki ambazo jamii jirani yaweza kupewa kwa njia ya chama chake kilichoandikishwa: dawa za miti shamba, asali, kuni, majani na malisho ya mifugo. Mshika amana si mwenye mali. Akiyatumia madaraka yake kumfungulia tajiri na kumfungia maskini, amekuwa mwizi wa kile alichokabidhiwa akilinde.

Wako watakaotujibu kwamba wananchi wakiachiwa msitu wataumaliza. Hoja hii tumeisikia tangu enzi ya mkoloni, nasi hatuipuuzi, kwa maana msitu ukifa mito hukauka. Lakini na tuitazame historia kwa macho makavu. Miti mingi ya mbao katika misitu yetu ilikuzwa na wakulima maskini, waliopewa vipande vya ardhi walime mahindi na viazi huku wakiipalilia miche ya serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliamriwa kutoka. Mwaka 1999 ukataji wa miti katika misitu ya serikali ukapigwa marufuku, lakini makampuni makubwa machache yakasamehewa. Mwenye msumeno mmoja kijijini alifunga karakana yake, na malori ya wakubwa yakaendelea na safari. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba itaondoa hektari zipatazo 67,000 katika hifadhi ya misitu. Je, hektari hizo zilichukuliwa na mama mwenye kamba ya kuni?

Februari 2018 marufuku nyingine ikatangazwa. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali yenyewe kilitoa taarifa yake mwezi Aprili mwaka huo, nacho kikasema waziwazi kwamba ufisadi umeota mizizi ndani ya uongozi uliokabidhiwa ulinzi wa misitu. Basi wasitufundishe kwamba adui wa msitu ni yule aendaye kwa miguu. Msitu wetu umeliwa kwa injini, kwa mhuri na kwa bahasha.

Swali hili la nani aingie msituni, na kwa chombo gani, si letu peke yetu. Huko Marekani wako watu waendao msituni wakati wa baridi kwa pikipiki za theluji, wakikata mbuga na vilima kwa starehe. Wengine waenda huko kwa miguu wakitafuta utulivu, na wanyama nao wajificha humo wakati chakula ni haba. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri kwamba idara zinazosimamia ardhi ya umma zipange ni wapi vyombo vya namna hiyo vyaweza kupita na ni wapi haviwezi, ili udongo, wanyama na watumiaji wengine wasidhurike. Hata hivyo, kanuni za misitu za mwaka 2005 zilivibana vyombo vya magurudumu na kuziachia idara hiari juu ya vyombo vya theluji. Wananchi walikwenda mahakamani. Mwaka 2013 hakimu wa Idaho akaamua kwamba msamaha huo unapingana na amri ile, na mwaka 2015 kanuni mpya ikatolewa: vyombo vya theluji vipite tu pale palipoonyeshwa kwenye ramani iliyotangazwa kwa umma.

Hatulitaji jambo hili ili tuwaige Wamarekani. Twalitaja kwa sababu ya mambo mawili. Kwanza, katika nchi yenye injini nyingi kuliko yetu, sheria ilianza kwa kumwekea mipaka mwenye chombo chenye nguvu, maana ndiye awezaye kudhuru zaidi kwa muda mfupi. Kwetu mpaka huanzia kwa mwenye miguu mitupu. Pili, haki hiyo haikushuka yenyewe kutoka ofisini. Ilidaiwa kwa miaka zaidi ya 40 na raia waliosoma sheria yao na kukataa kuchoka.

Nasi tulio wana wa Kanisa tunayo sheria iliyo kongwe zaidi. Kitabu cha Walawi chamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Ruthu hakuiba katika shamba la Boazi. Aliokota kwa haki. Ikiwa Mungu aliweka fungu la maskini hata katika shamba la mtu binafsi, sembuse katika msitu ambao ni mali ya wote?

Lakini haki yataka tujihukumu na sisi wenyewe. Wako miongoni mwetu wachomao mkaa usiku na kupokea Komunyo asubuhi. Wako wenyeviti wa vyama vya misitu wauzao nafasi za malisho kwa watu wa mbali, na jirani yao akakosa. Wako walei wenye malori. Hatuwezi kumnyooshea mlinzi wa lango kidole ilhali mikono yetu yanuka moshi wa mti mbichi.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa jumuiya mtende mambo manne. Waandikisheni waamini katika chama cha misitu cha eneo lenu, wakiwemo wanawake na vijana, na mhudhurie mikutano yake. Ombeni kuuona mpango wa usimamizi wa msitu wenu na mkataba uliotiwa sahihi, kisha usomeni mbele ya wote kwa lugha wanayoielewa. Msitoe fedha langoni bila stakabadhi. Mkidaiwa bila stakabadhi, andikeni tarehe, saa na mahali, na mlete habari kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia. Na magari yapitayo, yawe ya magogo au ya starehe, ulizeni kwa adabu na kwa maandishi: yameruhusiwa na nani, kupita njia ipi, na fedha iliyolipwa imekwenda wapi?

Hatuombi lango livunjwe, maana msitu usio na mlinzi hauishi. Twadai lango lenye sheria moja, linalompima mtu kwa haki yake na kwa madhara awezayo kuleta, bila kutazama ukubwa wa gari lake. Siku ile mama mwenye kuni zilizoanguka atakapopita kwa amani, na lori lisilo na kibali likazuiwa, ndipo tutakaposadiki kwamba msitu huu ni wa umma. Mpaka siku hiyo hatutanyamaza.