Mmechanga nauli, je, mmepanga kuugua?

Ikiwa unaishi Kibera au Kawangware, msomaji, huenda umo katika kikundi cha aina hii. Ni marafiki kumi au kumi na watano. Pengine mlisoma pamoja, pengine mnauza nguo bega kwa bega katika soko la Toi, au ni watu wa mjengo ambao hukutana alfajiri pale steji ya 46 wakingojea kazi. Mlianza kwa kuchanga mia mbili mia mbili kila Jumamosi. Mwaka huu mmeamua kwamba pesa hizo hazitanunua sufuria wala mbuzi wa Krismasi. Mnataka kutembea mwone dunia.

Wenye pesa zao huenda Ulaya, leo wako Paris, keshokutwa Roma, wiki ijayo Amsterdam. Nyinyi mna mzunguko wenu: Kisumu siku mbili, mvuke mpaka Busia, mlale Jinja mwone mahali Mto Nile unapoanzia, mshuke Kampala, na pesa zikitosha mfike Kigali. Tangu mwaka wa 2014 Mkenya ameweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu, na hilo limewafungulia njia wengi ambao hawajawahi kushika pasipoti. Mimi nawaunga mkono. Mtu anayeamka saa kumi usiku miaka nenda miaka rudi ana haki ya kuona mji mwingine kabla hajazeeka.

Lakini nimehudhuria mikutano kadhaa ya vikundi kama hivi, na nimeona jambo moja linalonikera. Mweka hazina husoma hesabu ya nauli. Kamati ya chakula hutoa ripoti. Rangi ya fulana hujadiliwa hadi watu wakakaribia kupigana. Afya haitajwi hata mara moja, na atakayeitaja huambiwa anawaletea wenzake mkosi.

Hebu fikiria kuhusu yule anayekwenda Ulaya. Mkenya anayeomba viza ya nchi za Schengen hulazimishwa kuonyesha bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ya kumtibu na hata ya kumrudisha nyumbani akifa. Hapati viza kabla ya kufikiria siku atakayougua. Sisi tunaopitia Busia hatuna balozi wa kutulazimisha. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu inatubidi tujilazimishe wenyewe.

Nianze na malaria, maana ndiyo inayotuua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haimpi mbu wa malaria nafasi nzuri ya kueneza ugonjwa. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa Laini Saba au Gatina hana kinga aliyonayo binamu yake wa Siaya au Busia, ambaye ameumwa na mbu hao tangu utotoni. Hata wewe uliyezaliwa kule, ukikaa Nairobi miaka mingi, kinga yako hufifia. Wengi hawataki kusikia hivyo. Huniambia, “Mimi nimelelewa kando ya ziwa, malaria itanifanya nini?” Watafiti waliofuatilia wagonjwa wenye homa katika kliniki moja ya Kibera walikuta kwamba malaria iliyoonekana hapo ilihusiana sana na kusafiri kwenda magharibi mwa Kenya. Maana yake ni kwamba wagonjwa wengi walirudi nayo kwenye basi.

Nilikuwa na rafiki Kawangware. Miaka kadhaa iliyopita alikwenda na wenzake Kisumu na Busia kufunga mwaka. Walikula samaki, walicheza, walipiga picha. Walilala katika vyumba vya bei nafuu ambavyo vyandarua vyake vilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Alirudi mzima, akaripoti kazini. Siku ya tisa akaanza kuhisi baridi na maumivu ya viungo. Alinunua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, kisha akaenda kwenye zahanati ya mtaani, akaambiwa ni mafua. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi wiki iliyotangulia, na yeye hakusema, kwa kuwa hakuona uhusiano. Siku ya nne ya homa alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Majirani walidhani amelewa. Walipogundua kwamba hakuwa amelewa, ilikuwa imechelewa. Tulimsafirisha tena kuelekea magharibi, mara hii ndani ya jeneza, na pesa tulizochanga kwa safari hiyo zingenunulia kila mwanachama wa kikundi chandarua kipya na kubaki.

Inafaa ieleweke hivi: mbu akikuambukiza leo, homa haiji kesho. Kwa kawaida huchukua siku kumi hadi kumi na tano, mara chache chini ya wiki, na wakati mwingine mwezi au zaidi. Ndiyo maana ugonjwa wa Kisumu huonekana Kawangware. Homa yoyote baada ya safari ichukuliwe kuwa malaria mpaka damu ipimwe na kuonyesha vinginevyo. Mwambie daktari wazi, “Nimetoka Kampala,” hata kama hajakuuliza. Wala usitafute dawa za zamani. Klorokwini iliachwa kama dawa ya kwanza ya malaria hapa Kenya mwaka wa 1998, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, na tangu 2006 hospitali zetu hutoa mchanganyiko wa artemether na lumefantrine. Ukipewa, maliza dozi yote ya siku tatu, usiwekee mwenzako vidonge viwili.

Kuna pia dawa za kujikinga ambazo msafiri humeza kabla ya kuondoka, akiwa safarini na baada ya kurudi. Zungumza na mhudumu wa afya kuhusu hizo, hasa ikiwa kati yenu kuna mjamzito au mgonjwa wa selimundu. Mjamzito wa Nairobi akumbuke kwamba kliniki yake haimpi zile dawa za kuzuia malaria ambazo wajawazito wa pwani na wa kando ya ziwa hupewa. Huyu, kwa kweli, ningemshauri angoje ajifungue. Jinja haihami.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, na hapa najua si wote watakaokubaliana nami.

Katika kikundi cha watu kumi na watano wa umri wetu, karibu kila mara kuna mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mwenye pumu au anayeishi na virusi vya UKIMWI. Baadhi yao hawajamwambia yeyote. Nimemwona mtu akiacha vidonge vyake nyumbani kwa siku sita kwa sababu alijua atalala chumba kimoja na wenzake watatu na hakutaka waone kopo. Alipendelea kuhatarisha uhai wake kuliko kuulizwa swali. Nimemwona mwingine, mgonjwa wa kisukari, akinywa soda na kula keki pamoja na wengine ili asionekane tofauti, kisha akazirai kwenye basi, na hakuna mmoja wetu aliyejua la kufanya.

Sisemi kila mtu asimame mkutanoni atangaze ugonjwa wake. Hiyo ingekuwa ukatili, na katika ploti zetu ambapo kuta ni mabati na jirani husikia hata unapopiga chafya, siri ya mtu ni mali yake. Ninalosema ni kwamba kikundi kimchague mtu mmoja anayeaminika, asiyependa umbea, na kila msafiri amwambie faraghani kile ambacho mtu wa kumwokoa angehitaji kujua. Asiyetaka hata hilo, aandike kwenye karatasi jina la ugonjwa, dawa anazotumia na nambari ya simu ya nduguye, aitie kwenye bahasha, aigundishe na kuiweka pamoja na kitambulisho chake. Bahasha ifunguliwe tu akishindwa kujieleza. Mkirudi salama, aichome moto.

Nanyi wengine mna wajibu wenu. Acheni kuulizana, “Hizo ni dawa za nini?” Mtu akimeza vidonge saa tatu usiku, mtazame kama unavyomtazama anayepiga mswaki.

Wewe unayetumia dawa za kila siku, nenda kliniki yako mapema, sema unasafiri, uombe za kutosha pamoja na za akiba ya siku kadhaa, maana basi huharibika. Usiziweke ndani ya buti. Ziwe kwenye mkoba ulio mapajani mwako, pamoja na ile karatasi ya daktari. Insulini haipendi joto wala barafu. Ikiwa hamna jokofu, ifunge kwenye plastiki, uizungushie kitambaa chenye maji na uiweke kivulini.

Kuhusu homa ya manjano sina mengi. Wanaoingia Uganda hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo hiyo, na usifikiri ulidungwa utotoni, kwa kuwa katika ratiba ya watoto hapa Kenya hutolewa katika kaunti chache tu kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Cheti huanza kutumika siku kumi baada ya kudungwa, hivyo anayekimbilia sindano usiku wa kuamkia safari amechelewa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kimoja hutumika maisha yako yote. Kuna wanaonunua kadi bila kudungwa. Hao wanadhani wamemdanganya ofisa wa mpakani, kumbe ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na mbu hasomi kadi.

Njiani, basi la Nairobi hadi Kampala ni karibu kilomita 650, na ukikaa bila kunyoosha miguu kwa saa nyingi hivyo damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Simama kila basi linaposimama. Wengi, hasa akina mama, hukataa kunywa maji kwa kuogopa kutafuta choo, na hufika wakiwa na kichwa kinachopasuka. Kunywa. Mkifika Jinja mtashawishika kuogelea. Kumbukeni kwamba Ziwa Victoria na mito yake vina konokono wa kichocho, na vidudu vyake hupenya ngozi bila kukuuliza. Aliyeogelea apimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa yake ipo.

Boda boda za Kampala zinanitisha kuliko mbu. Kigali abiria hupewa kofia ngumu, na sheria hufuatwa. Kwingine utaambiwa, “Ni hapa tu karibu.” Watu wangu, wengi huvunjikia hapo tu karibu.

Chakula kileni, sikatazi rolex ya Kampala. Iwe tu imetoka kwenye kikaango mbele ya macho yako, moto. Tumbo likiharibika, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vitakusaidia mpaka umfikie mhudumu wa afya. Na wiki moja kabla ya kuondoka, sikilizeni taarifa. Mwishoni mwa Januari 2025 Ebola ilitangazwa Kampala, na mlipuko huo haukutangazwa kuisha hadi Aprili. Mwaka uliotangulia, Septemba hadi Desemba, Rwanda ilikuwa ikipambana na Marburg. Kikundi chenye akili huwa na tarehe ya pili mfukoni.

Mwisho ni pesa. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ulizeni mapema itawafaa nini mkiwa nje ya mpaka. Msidhani tu. Toeni sehemu ya mchango, hata kama ni nauli ya mtu mmoja au wawili, iwe ya ugonjwa na isiguswe kwa nyama wala vinywaji. Mweka hazina asiwe ndiye anayeishika peke yake, kwa sababu naye anaweza kuugua.

Na kubalianeni kabla hamjapanda basi: mmoja akilazwa hospitalini Jinja, nani atabaki naye? Nimeona kikundi kikimwacha mgonjwa na simu isiyo na chaji kwa sababu vyumba vya mji uliofuata vilikuwa vimeshalipiwa. Andikeni majina ya wawili watakaobaki, tena wawe wamekubali wenyewe. Ikiwa katika watu kumi na watano hawapatikani wawili, basi ahirisheni safari hiyo, mgawane pesa, kila mtu aende kwao.

Jumamosi hii mtakapokutana, kabla ya suala la fulana, mmoja wenu aulize ni nani kati yenu ana chandarua kisicho na tundu.