Mwezi Mpevu si Mwezi Kamili

Wapo wenzetu katika kazi hii ya ualimu wanaoshikilia kwamba masimulizi ya mbalamwezi hayana nafasi darasani. Kwao, hayo ni ushirikina wa wazee. Mwanafunzi na afundishwe msamiati, basi. Sisi hatukubaliani nao.

Tuanze na huo msamiati wenyewe. Mwanafunzi aliyenyimwa masimulizi hufasiri kutoka Kiingereza au Kifaransa, akaandika "mwezi kamili", na msomaji akadhani anataja siku 30 zilizotimia. Mswahili husema "mwezi mpevu", kwani mwezi huandama ukiwa mwembamba, ukakua, ukapevuka kama lipevukavyo embe mtini.

Huko pwani, mwezi upevukapo huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, kwa kuwa jua, dunia na mwezi vimejipanga, na mvuto wa jua ukausaidia ule wa mwezi. Mwamba ukiachwa wazi, akina mama huenda kuchokoa pweza. Je, huo ni ushirikina? Hasha! Ni elimu iliyohifadhiwa vinywani kabla ya vitabu kufika.

Malenga naye humfananisha mpenzi wake na mwezi wa kumi na nne. Na jina Badru, ambalo mwalimu wa Kampala huliita asubuhi akisoma orodha ya darasa, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi mpevu. Ni wangapi wetu tumemweleza mtoto huyo maana ya jina lake?

Watasema: hayo ni ya pwani, sisi wa bara yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mganda husema "omwezi", Mrundi husema "ukwezi". Katika Burundi, Mwezi lilikuwa jina la kutawalia. Mwezi Gisabo, aliyepambana na Wajerumani hadi mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903, alifariki mwaka 1908 akiwa na jina hilo.

Hatusemi kwamba kila simulizi ni kweli. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018, mwezi mpevu ulipatwa mbele ya macho yetu, ukafunikwa wote na kivuli cha dunia kwa dakika 103. Kulipokucha, dunia ilikuwa ile ile. Mwanafunzi na aelezwe sababu hiyo bila kufichwa. Lakini asiyeijua hofu ya wazee hatafahamu kwa nini lugha yetu husema mwezi "umepatwa", kama mtu apatwavyo na msiba.

Basi, ndugu walimu, mwezi upevukapo tena, tusiwape wanafunzi orodha ya maneno ya kukariri. Tuwatume kwa babu na bibi zao wakaulize, wasikilize, waandike kwa Kiswahili walichosimuliwa kwa lugha za nyumbani. Tufanye hivyo mapema, maana wasimulizi hao wanapungua kila mwaka.