Lupita hakupotea, alikuwa jukwaani

Wadau, kuna dada mmoja wa hapa Kisesa, jina tuliache. Anaigiza balaa! Nilimuona kwenye Bulabo pale Bujora, jua kali, vumbi, hana kipaza sauti wala nini, na kina mama wanashika mbavu kwa kucheka. Juzi kaenda mjini Mwanza kujaribu bahati kwenye tamthilia. Swali la kwanza aliloulizwa: "Una wafuasi wangapi Insta?" Hakuombwa kuigiza hata mstari mmoja. Kapanda daladala karudi, anasema habari za jukwaa basi tena, sasa ni video za sekunde thelathini tu.

Nikamtajia Lupita Nyong'o. Akanijibu, "Si yule aliyechukua Oscar akapotea?"

Hiyo kauli imenikera, maana siyo yeye tu anayeisema. Ni kweli, Lupita alibeba Oscar Machi 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave, halafu sura yake ikaadimika kwenye sinema. Kwenye Star Wars ya 2015 sura yake halisi huioni kabisa. Lakini mwaka huohuo 2015 alikuwa New York anaigiza tamthilia ya jukwaani, Eclipsed, iliyoandikwa na Danai Gurira kuhusu wanawake kwenye vita ya Liberia. Mwaka 2016 ikahamia Broadway, waigizaji wote wanawake weusi, mwandishi mwanamke mweusi, mwongozaji pia. Broadway haijawahi kuona hivyo kabla. Lupita akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Hakushinda, sawa, lakini huko ndiko kupotea?

Sasa sikia hii ninayoipenda mimi. Tamthilia hiyohiyo ilichezwa Yale mwaka 2009, Lupita akiwa mwanafunzi pale. Alikuwa mchezaji wa akiba. Yaani benchi! Unakariri maneno yote ya mwenzako, unasubiri augue ndio uingie. Dada mwenye Oscar, dunia nzima inamtaka, akarudia kazi aliyoikalia benchi.

Na hakuanzia Yale. Akiwa na miaka 14 tayari alikuwa Juliet kwenye jukwaa la Nairobi. Baadaye akawa wa kutumwatumwa nyuma ya kamera wakati The Constant Gardener inapigwa Kenya, kisha akaonekana kwenye tamthilia ya televisheni, Shuga. Miaka yote hiyo hakuna aliyemhesabia wafuasi.

Najua mtaniambia, "Wewe, baba yake ni Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa waziri, sasa gavana wa Kisumu, hapo ng'ambo ya ziwa." Nakubali. Yale ya wakati ule haikuwa ada ya kuchangisha kwenye grupu la WhatsApp. Dada yetu wa Kisesa hana baba waziri. Lakini ndiyo maana swali la wafuasi linaniuma zaidi: asiye na jina la ukoo alikuwa na kipaji tu cha kuingia nacho mlangoni, na sasa hata hicho hakiangaliwi. Halafu tunalalamika tamthilia zetu watu wanasoma maneno kama risiti!

Pale Bujora kila Juni ni Bagalu na Bagika, wanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia anayewakosha. Ukiboa, umati unakuhama unauona kwa macho yako. Mtu aliyeiva hapo utamfundisha nini kuhusu kamera?

Agosti 2025 Lupita alikuwa tena jukwaani, Central Park, New York, kwenye tamthilia ya Shakespeare, akiigiza pacha na mdogo wake wa kweli, Junior. Kiingilio bure. Na humo ndani, kaka na dada wakaongeza maneno ya Kiswahili, hiki hiki chetu.

Prodyuza uliyemuuliza yule dada wafuasi, najua unasoma hapa. Juni ijayo panda gari za Kisesa, shuka, ulizia Bujora. Nauli nakulipia mimi.