Rais ana nguvu kiasi gani? Waulizeni kwanza wabunge wetu

Kwenye baraza zetu za Mombasa, kila jambo likikwama husikosi kusikia: "Rais angetaka, lingefanyika leo." Hati za ardhi, kazi za bandarini, bei ya unga, maji Kilifi, yote tunamtwika mtu mmoja. Na wanasiasa wetu hupenda tuamini hivyo, maana wakienda Ikulu hurudi wakitwambia wamekwenda "kuombea Pwani."

Mimi si mwanasheria, lakini katiba ni kitabu cha kila raia. Ukiiweka yetu kando ya za wenzetu, utaona kwamba cheo cha rais ni jina tu. Nguvu zake hupimwa kwa maswali matatu: anateua nani bila kumuuliza mtu, nani anaweza kumwambia hapana, na nani anaweza kumtoa.

Tuanze kwa jirani, ambako wengi wetu tuna ndugu. Ukivuka Lunga Lunga ukaingia Tanga, mkuu wa mkoa utakayemkuta ameteuliwa na Rais wa Tanzania. Mkuu wa wilaya naye vivyo hivyo. Kwa Katiba ya 1977, Rais huyo anaweza kuteua hadi wabunge 10, na mawaziri wake huwachagua miongoni mwa wabunge. Akikataa kutia saini mswada, na Bunge likaupitisha tena kwa thuluthi mbili, ana njia mbili: autie saini au avunje Bunge, ingawa hapo naye hurudi kwa wapiga kura. Na tume ikishamtangaza kuwa mshindi, Ibara ya 41 inasema hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake.

Sisi Kenya, mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, ukarudiwa. Huo si umbali mdogo kati ya nchi mbili zinazopakana.

Ufaransa nako kuna rais anayechaguliwa na wananchi, lakini yuko na waziri mkuu ambaye Bunge linaweza kumwangusha. Rais anaweza kulivunja Bunge la Taifa, kama alivyofanya Emmanuel Macron mwezi Juni 2024. Matokeo yake? Hakuna upande uliopata wingi wa viti, na Disemba mwaka huo huo wabunge wakaiangusha serikali ya waziri mkuu aliyemteua. Kati ya 1997 na 2002, Jacques Chirac alilazimika kutawala na waziri mkuu wa upinzani, Lionel Jospin. Katiba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni waliokaa bungeni.

Marekani, ambako sisi tumeazima mengi, rais hawezi kulivunja Bunge. Mawaziri na majaji anaowapendekeza hupitia Seneti. Lakini angalia: marais watatu wameshitakiwa na Baraza la Wawakilishi, Donald Trump mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani na Seneti. Thuluthi mbili ni nyingi, na chama hulinda mtu wake.

Sasa turudi nyumbani. Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kuijua historia hii. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na waziri mkuu, mabaraza ya majimbo na Seneti, na mmoja wa waliopigania majimbo hayo alikuwa mwenzetu Ronald Ngala, kiongozi wa KADU. Novemba 1964 KADU ikajivunja. Disemba ikaja jamhuri na rais mwenye nguvu zote. Majimbo yakaondoka, kisha Seneti. Mwaka 1982 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria, na 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Miaka yote hiyo Pwani ilitawaliwa na PC aliyeletwa kutoka Nairobi, kama Tanga leo inavyoletewa mkuu wa mkoa.

Katiba ya 2010 ilikuja kulikata hilo. Gavana wa Kwale au Lamu hachaguliwi na Ikulu. Rais hawezi kulivunja Bunge apendavyo. Mawaziri hawawi wabunge, na hawaapishwi mpaka Bunge la Taifa liwapitishe. Hata maagizo ya serikali kuhusu bandari yanaweza kupingwa: serikali ilipoamuru mizigo ipande reli ya SGR, watu wa Mombasa waliandamana, wakaenda kortini, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya hapa hapa ikasema agizo hilo lilikiuka katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Basi mbona rais wetu bado anaonekana kama sultani?

Jibu langu liko kwenye Juni 25, 2024. Siku hiyo wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa, huku vijana wakiwa barabarani, Mombasa ikiwa mojawapo. Kesho yake Rais mwenyewe akasema hatautia saini. Ukilisoma tukio hili kwa macho ya katiba, linatisha. Breki iliyowekwa na katiba ni Bunge. Breki iliyofanya kazi ni damu ya watoto wa watu. Makumi ya vijana walikufa katika maandamano ya miezi ile kwa kazi ambayo wabunge wanalipwa mishahara kuifanya.

Wala tusiambiwe kwamba Bunge halina uwezo. Miezi mitatu na kitu baadaye, Oktoba 2024, upande wa serikali ulipotaka naibu wa rais atoke, kura zaidi ya thuluthi mbili zilipatikana kwa siku moja, na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa ni 233 tu. Kura zipo. Hazitoki tu pale ambapo Ikulu haizitaki.

Kuna wanaosema manahodha wengi, chombo huenda mrama, kwa hiyo tumwachie rais aendeshe. Methali ni ya kweli, lakini kila aliyesafiri baharini anajua nahodha hasafiri peke yake. Kuna mabaharia, na baharia akiona mwamba mbele akanyamaza kwa kumuogopa nahodha, wote watazama.

Pwani ina kaunti sita na maeneo bunge 26. Ongeza wawakilishi wa wanawake sita, unapata wabunge 32 waliochaguliwa na sisi, na maseneta sita juu yao. Hao ndio wanaopiga kura juu ya kodi ya unga tunaonunua, juu ya waziri atakayeshika ardhi na bandari, na juu ya fedha zinazokuja kwenye kaunti zetu. Mtu akishika kura hiyo kisha akaenda Ikulu "kuomba," amegeuza haki yetu kuwa sadaka.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Mtaletewa tena ahadi za hati za ardhi na bandari, na mtaambiwa muwe "ndani ya serikali." Kila mbunge atakayekuja kwenye mtaa wako, usimuulize atatupeleka kwa rais gani. Muulize Juni 25 alipiga kura gani, na kama hakuwapo, alikuwa wapi. Kura hizo zimeandikwa na zinasomeka. Asiyeweza kujibu mbele ya barza, hatoweza kusema hapana mbele ya rais, awe rais huyu au mwengine.