WANAJIITA ‘ELDER’ HUKU HAWAJAMSIKILIZA MZEE HATA MMOJA! MOONGLADE SIYO PA KUTAFUTIA KIKI

Msimu wa Lunar Festival ukifika tu ndani ya World of Warcraft, kuna mastaa wa kurusha gemu laivu wanaanza vituko vyao vya kila mwaka. Majina kapuni, wenyewe wanajijua.

Kwa wageni wa gemu hili: Moonglade ni bonde tulivu lenye ziwa, makao ya madruidi, wale walinzi wa misitu wanaojigeuza dubu, paka au ndege. Siku za kawaida druidi ndiye mwenye uchawi wa kufika huko fasta. Kipindi cha sikukuu, ambayo huangukia karibu na mwaka mpya wa Kichina, kila mtu ana mwaliko. Unasimama kwenye mwanga wa mwezi jijini kwako, unautumia, umeshafika. Horde yupo, Alliance yupo. Waliochinjana jana, leo wanalipua fataki pamoja. Sheria ya madruidi ni moja: hapa hakuna vita.

Sasa sherehe yenyewe ni ya nini? Ni ya wazee. Roho za wazee waliotangulia zimetawanyika Azeroth nzima. Wengine wako vijijini, wengine kwenye theluji, wengine ndani ya mapango hatari, wengine katikati ya miji ya adui. Unamfuata mzee, unampa heshima yake, anakuachia maneno machache na sarafu ya mababu. Ukikamilisha orodha yote ya sherehe unapewa cheo cha Elder, yaani Mzee.

Hapo ndipo wanapozingua. Mmoja anawasha ramani yenye alama kila kona, anakimbia kama anafukuzwa na polisi, anabonyeza mara mbili, sarafu mfukoni, huyooo. Maneno ya mzee hata hayajasomwa. Jioni anatamba eti yeye ndiye Mzee. Mzee wa nini sasa? Mwingine kageuza biashara: lete hela, cheo utapata umelala.

Ila kundi baya kuliko yote ni lile linalojibanza nje ya Moonglade, pembeni ya mzee, kumvizia mgeni wa upande wa pili aliyekuja kusalimia tu. Linamuua, linamrekodi, linamcheka mbele ya mashabiki. Mtu ana wiki moja kwenye gemu, anazima kompyuta, harudi tena.

Mashabiki wao wana jibu moja: “Ni gemu tu, kila mtu kalipia.” Sawa, kalipia. Hata harusini watu wamechanga, mbona hakuna anayepanda juu ya meza ya maharusi?

Na kwa Omen ndiyo kabisa. Huyu ni mbwa mkubwa wa vichwa viwili, nusu mungu wa zamani aliyeharibiwa na nguvu za Burning Legion mpaka akarukwa na akili. Kila sikukuu anaibuka ziwani, watu wanamwangusha, mwanga wa mwezi unashuka, anatulia mpaka mwaka mwingine. Yaani ule ni msiba, jamani. Ni mgonjwa anayepumzishwa. Wao wanarukaruka pale, wakishapata baraka wanalalamika hakuna zawadi ya maana, wanaondoka.

Hakuna anayemkataza mtu kukusanya sarafu. Kinachotakiwa ni kidogo tu: simama, soma hayo maneno mawili matatu, muache mgeni apite salama. Madruidi wamefungua mlango mara moja kwa mwaka ili maadui wakae pamoja, halafu mtu anaingia kutafuta viewers!

Bila heshima, hicho cheo ni maandishi tu juu ya kichwa. Uzee haupatikani kwa mbio.

Haya wadau, mastaa waachwe wajiachie au wamezidi? Tiririka hapo chini.