Mashauri kwa Jamaa: Baiskeli Ipimwe na Mwili

Mwaka wa shule unapokaribia, baba wengi hutafuta njia ya kumsaidia mtoto asomaye mbali. Basi huenda sokoni, na huko huziona baiskeli za milimani zilizokwisha kutumiwa Ulaya, zile tuziitazo okasioni. Baba huitazama rangi, huyabonyeza matairi, hupiga kengele, hushindania bei, kisha hulipa. Jambo moja husahauliwa: kumpima yule atakayeipanda.

Na jambo hilo ni kubwa kuliko mengine yote. Tairi likiisha, utanunua jingine. Mnyororo ukikatika, fundi atauunga. Lakini kadre, ambayo ni mifupa ya baiskeli, haikui wala haipungui. Mwenye kununua kadre isiyolingana na mwili wake amejinunulia taabu ya kila siku, hata kama ameipata kwa bei ndogo.

Yafaa tujue kwanza asili ya baiskeli hizi. Zilianza Marekani, katika jimbo la California, kwenye mlima Tamalpais karibu na San Francisco. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walizitwaa baiskeli kuukuu, nyingi zikiwa za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene ya inchi 26, wakashuka nazo katika njia za mawe. Mwaka 1976 walianza kushindana mbio kwenye mteremko mmoja mkali. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda kadre mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Ndiyo kusema baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa katika okasioni!

Katika njia mbaya mpandaji hulazimika mara kwa mara kushuka ghafula. Kwa hiyo bomba la juu la kadre liliwekwa chini kuliko katika baiskeli ya barabara. Hapa wengi hukosea. Mtu aliyezoea baiskeli ya zamani, ile ndefu nyeusi yenye kadre ya inchi 22, huitafuta namba ile ile katika baiskeli ya milimani. Akiipata, anapata kitu kikubwa mno. Mtu yule yule huenda akatoshwa na inchi 18.

Sasa tupime. Mpandaji asimame bila viatu, mgongo ukiegemea ukuta. Ashike kitabu kati ya miguu, akipandishe mpaka kigote juu, kama vile amekalia kiti cha baiskeli. Pima toka sakafu hata ukingo wa juu wa kitabu. Tuseme umepata sentimeta 78. Zidisha kwa 0.226; utapata karibu 17.6. Basi kadre ya inchi 17 au 18 yamfaa. Namba hiyo mara nyingi imebandikwa kwenye bomba la kiti. Ikiwa imefutika, pima mwenyewe toka katikati ya kitovu, pale mikono ya pedali inapozungukia, hata mwisho wa juu wa bomba la kiti. Inchi moja ni sentimeta 2.54.

Lakini usiiamini namba peke yake, maana viwanda havipimi vyote namna moja. Mpandaji asimame juu ya baiskeli, bomba la juu likiwa kati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini kabisa. Kati ya bomba na mwili pawepo nafasi ya sentimeta 5 au zaidi. Ikiwa bomba linamgusa, mrudishie mwenye kuuza, hata kama ameshusha bei.

Kisha tazama nguzo ya kiti. Juu yake kuna alama ionyeshayo mwisho wa kuipandisha. Alama hiyo isionekane nje. Ikiwa haipo, sentimeta 10 angalau zibaki ndani ya kadre. Vinginevyo nguzo yaweza kuvunjika, au kuipasua kadre. Tazama pia kama nguzo yenyewe ni ya kadre ile. Unene wake hutofautiana kwa sehemu ndogo za milimeta, na wauzaji wengine huizungushia bati nguzo nyembamba ili ikaze. Baada ya siku chache itateleza na kushuka.

Kiti kiwe juu kiasi gani? Mpandaji akalie, mwenzake akiishika baiskeli. Aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke, pasipo kiuno kuinama upande. Akiweka sasa sehemu ya mbele ya wayo, ile ya kukanyagia, goti litakunjika kidogo tu. Hapo ndipo mahali pake. Mwili wenyewe utasema kama umekosea. Maumivu mbele ya goti mara nyingi ni kwa sababu ya kiti kilicho chini mno. Maumivu nyuma ya goti, kiti kilicho juu mno. Mikono ikifa ganzi, huenda usukani uko mbali, na mpandaji ameulalia. Fundi aweza kuweka shingo ya usukani iliyo fupi zaidi. Lakini asidanganye kwa kuvuta kiti mbele kupita kiasi, maana hapo magoti ndiyo yatakayolipa.

Nazisikia sauti za wazazi: «Mtoto bado anakua. Tununue kubwa, imfae miaka mingi.» Kwa koti shauri hilo ni jema, maana koti kubwa halimwangushi mtu. Lakini mtoto asiyeweza kuweka miguu chini atafanya nini lori likimjia katika njia nyembamba? Tena kadre iliyo ndogo kidogo huongezeka kwa kupandisha kiti. Iliyo kubwa mno haina dawa. Na mtoto akiipita baiskeli yake, mdogo wake atairithi, au mtaiuza okasioni kama mlivyoinunua.

Na pale ambapo baiskeli moja huwatumikia watu wote wa nyumba? Chagueni kwa kumfikiria aliye mfupi kati ya wale wanaoipanda mara nyingi. Mrefu atapandisha kiti. Mfupi hawezi kushusha kadre. Wekeni alama za rangi kwenye nguzo ya kiti, moja ya baba, moja ya mama, moja ya kijana, zote juu ya alama ile ya mwisho niliyoisema. Msiichanje nguzo kwa msumeno, maana mkato huidhoofisha.

Hapa niseme neno kwa akina baba. Wengine huikataa kadre yenye bomba lililoshuka, wakisema, «Hii ni ya wanawake.» Je, mkeo haendi sokoni? Haendi kisimani, zahanati, misioni? Bomba lililoshuka humruhusu apande na kushuka pasipo kuipandisha kanga yake, na humfaa pia mwanamume abebaye mzigo mzito nyuma, asiyeweza kupitisha mguu juu ya gunia. Haiba ya baba haikai katika bomba la baiskeli. Hukaa katika kujua nani nyumbani kwake anatembea sana, na kumpunguzia mwendo.

La mwisho, kabla ya kulipa, soma namba za ubavuni mwa tairi. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani lina alama 559. Lile la inchi 26 la baiskeli nyingine za zamani laweza kuwa 590, na la 28 la baiskeli ndefu nyeusi ni 635. Haya hayabadilishani. Uliza kama tairi la namba yako lapatikana mahali unapokaa.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Basi usiende sokoni peke yako kumnunulia mwingine. Chukua utepe wa kupimia, na umchukue yeye mwenyewe, mtoto au mke. Mwenyezi Mungu hakutuumba wote kwa kimo kimoja, na hakuna aibu katika kimo alichotupa. Aibu ni kuulazimisha mwili uifuate chuma, wakati chuma ndicho kilichoundwa kuutumikia mwili.