Tuulize na Siku za Kupanda

Anayelemewa na huzuni, akipata wa kumtia moyo, hufika kliniki kwa miguu yake. Aliyepanda kihisia kupita kiasi haoni sababu ya kwenda: ana nguvu, ana mipango, na usingizi anauona kama upotevu wa wakati. Huyo huletwa na ndugu, mara nyingi karo ikiwa imeshatapanywa. Ndiyo maana wahudumu wetu humkuta mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, katika siku zake za chini, wakampa hojaji inayouliza habari za chini tu.

Hojaji hiyo ni PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: huzuni, usingizi, hamu ya kula, kujilaumu, mawazo ya kufa. Ni chombo kizuri, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kinafaa kwa watu wanaoishi na VVU hapa magharibi mwa Kenya. Lakini hakiulizi kama mtu huyu amewahi kupanda. Mwenye baipola anaweza kupata alama zilezile za mwenye sonona. Akiandikiwa dawa za sonona peke yake, bila ya kutuliza mabadiliko ya hisia, zinaweza kumrusha hadi upande wa pili.

Hapa Kesses jambo hili ni zito. Baipola aghalabu huanza katika ujana, kuanzia miaka ya mwisho ya utineja hadi ishirini na kitu, na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi imekusanya vijana wa umri huohuo katikati ya mashamba ya mahindi na ngano. Wiki ya mitihani hosteli nzima hukesha. Nani atamtambua anayeugua?

Kipo kipimo kinachouliza habari za kupanda, kile cha Altman cha mwaka 1997. Kina maswali 5 tu: furaha, kujiamini, usingizi, usemaji na shughuli, kila moja likipimwa kwa kawaida ya mtu mwenyewe katika wiki iliyopita. Swali la usingizi lina thamani kubwa mno. Haliulizi ulilala kwa saa ngapi, bali kama unahitaji usingizi kidogo kuliko ulivyozoea. Anayekeshea mtihani huamka macho mazito. Anayepanda hulala kwa saa 3 tu akaamka mwepesi, tayari kwa lolote. Jumla ikifika 6 kati ya 20, uchunguzi wa daktari unahitajika.

Wapo wanaopinga: aliyepanda sana hajijui, atajaza sifuri kwa moyo mweupe. Ni kweli, na kwa sababu hiyo tumwombe ruhusa ya kumuuliza anayeishi naye, awe mama, dada au mwenzake wa chumbani. Hata hivyo, anayejaza maswali haya kila wiki akiwa ametulia hujifunza dalili zake mapema, kabla hazijamteka.

Chuo Kikuu cha Moi kimeshiriki katika NeuroGAP-Psychosis, utafiti wa chembe za urithi uliounganisha Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Ni fahari yetu. Lakini maswali 5 ya Altman hayahitaji maabara yoyote.

Basi wewe tabibu utakayetoa PHQ-9 kesho asubuhi, ambatisha na hayo 5, uliza na historia ya siku za kupanda, kisha usiandike dawa ya sonona kabla ya kuyasoma majibu.